Kadi ya Bluu

Nakuandikia wewe mama mwenye binti aliyemaliza shule na sasa yuko nyumbani anangoja aitwe mahali. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo humu hutakuta maneno makubwa. Ukimaliza kusoma, fungua droo, toa kadi ya mwanao, utazame ni ya rangi gani. Usimtume mtu akutazamie.

Kazi yangu ni udobi. Nafua na kunyoosha shuka za gesti tatu za karibu na mpaka, ndiyo maana mtaa mzima unaniita Mama Pasi. Mji wetu na mji wa ng'ambo imetenganishwa na daraja moja fupi. Nikipanda kuanika kwenye paa langu naona kamba za wenzangu wa upande wa pili, na najua nani kafua na nani kalipua. Tangu nizaliwe tunaishi hivyo. Tunatazamana, tunachekana, tunauziana sabuni, lakini kuaminiana ni jambo lingine. Wao wanasema sisi ni wajanja. Sisi tunasema hivyo hivyo juu yao.

Mwaka jana wakubwa wa miji yote miwili walikaa pamoja wakakubaliana kuhusu watalii. Walisema wageni wanakuja upande mmoja, wanapiga picha daraja, wanageuka. Sasa ipangwe safari moja: asubuhi waone mji wetu, mchana wavuke, walale ng'ambo, na wengine waanzie kule walale kwetu, ili biashara ikue pande zote. Ikaundwa Kamati ya Miji Miwili. Siwezi kusema uongo, shuka ziliongezeka. Nilikuwa nanyoosha thelathini kwa siku, zikafika sitini, na mgongo wangu ukajua kwamba kuna ushirikiano.

Kila mji ulitakiwa kutoa vijana ishirini wa kuongoza watalii, na hapo ndipo mwanangu alipoingia.

Binti yangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Barua niliibandika ukutani juu ya meza ya kunyooshea, nikawa naisoma kila nikipumzisha mkono. Chini kabisa iliandikwa kwamba chuo kinapokea wakazi wa mji wetu peke yao, na siku ya kuripoti lazima aje na kadi yake ya ukazi. Asiyeripoti siku hiyo nafasi yake anapewa mwingine. Kadi ya mji wetu ni ya kijani. Ya ng'ambo ni ya bluu. Ukiwa na mojawapo unavuka daraja bila maswali, lakini huwezi kuwa nazo mbili.

Ilikuwa imebaki miezi mitano kabla ya kuripoti. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ni karani wa ile Kamati. Akasema mtoto asikae bure akihesabu nzi, atamtafutia kazi ya kuongoza wageni mpaka chuo kifunguliwe. Nilifurahi. Huyu shemeji ndiye aliyemfundisha mwanangu kusoma kabla hajaanza shule, kwa kumsomesha vibao vya maduka akiwa amempakia kwenye baiskeli. Tangu mume wangu afariki hakuna jambo la nyumba hii ambalo hakutia mkono.

Mtu niliyemwogopa ni mwingine. Ng'ambo walileta mratibu wao, kijana mrefu anayevaa suti hata jua likiwa la kuchoma, tukampa jina Bwana Suti. Alipanga chumba kwenye gesti ninayoifulia. Hasemi sana. Akikuuliza jambo anakutazama mdomoni mpaka umalize kujibu, kama vile anahesabu meno. Mimi mtu wa namna hiyo ananitia wasiwasi.

Siku moja alikuja mwenyewe mlangoni kwangu na karatasi ya kutia sahihi. Ilikuwa ya vipimo vya sare. Nikaisoma mara tatu. Nikaona pameandikwa urefu, mabega, kiuno. Nikamuuliza kiuno cha mwanangu anakitakia nini. Akasema ni cha sketi. Nikamwacha amesimama pale chini ya kamba, nikaenda kwa jirani yangu muuza mkaa naye aisome, tukaisoma tena wote wawili kwa sauti. Niliporudi, shuka zilikuwa zimemdondokea mabegani na suti imepata madoa ya maji. Hakulalamika. Hilo nalo nikaliwekea alama, kwa sababu mtu asiyelalamika anataka kitu.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja na fomu yake. Nilikuwa katikati ya shuka pana, na pasi ya mkaa ukiiweka vibaya inatema cheche. Akaitandaza fomu kwenye pembe ya meza, sehemu ya juu ameikunja, nafasi ya sahihi ndiyo inayoonekana. Akasema ni fomu ya kawaida ya mzazi, anazo nyingine za kupeleka kabla ya saa sita. Nikahamishia pasi mkono wa kushoto, nikatia sahihi kwa mkono wa kulia. Herufi zangu tatu na mstari chini. Akachukua na kadi ya kijani ya binti yangu, akasema inahitajika ofisini. Nikamwambia kuna chai. Akasema atakunywa siku nyingine.

Baada ya siku nne mwanangu akaja na kadi ya bluu shingoni.

Najua unavyowaza, mama mwenzangu. Unasema mimi ningeshtuka hapo hapo. Lakini sisi wa mpakani tumezoea kuacha kadi. Ukiingia ghala la forodha unaacha kadi kwa mlinzi, unapewa kibati, ukitoka mnabadilishana. Ukienda kumwona mgonjwa, vivyo hivyo. Kwa hiyo tulidhani bluu ndiyo kadi ya kazi, na ile ya kijani imewekwa kwenye kabati la Kamati mpaka kazi iishe. Mwanangu alidhani hivyo. Muuza mkaa, ambaye binti yake naye alipewa ya bluu, alidhani hivyo. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya kupokea basi la kwanza la watalii nilikuwa napita darajani na furushi la shuka kichwani. Vijana walikuwa wamepangwa mistari miwili, sare moja, viatu vimepakwa rangi. Nikasimama nimwangalie wangu, maana alikuwa amependeza. Ndipo nikaona. Mstari wa upande wetu ulikuwa na watoto wa meneja wa benki, wa diwani, wa mwenye vituo vya mafuta, na wote kadi zao ni za kijani. Wangu alikuwa mstari wa ng'ambo. Na wa muuza mkaa pia, na wasichana wengine watatu ninaowajua, wote watoto wa watu wa hali yangu. Shingoni bluu tupu. Mbele yao amesimama Bwana Suti, ana karatasi, anawahesabu kwa kidole.

Nilipomuuliza mwanangu jioni, akasema ndivyo walivyopangwa. Nikauliza na nani. Akasema na Kamati. Nikauliza kadi ya kijani itarudi lini. Akasema, "Mama, umeanza."

Kweli nilianza. Nikamuuliza shemeji, akasema nisiwe na haraka, mambo ya ofisi yana utaratibu wake. Nikaridhika na shemeji, na wasiwasi wote nikaumwagia Bwana Suti. Nikaanza kumfuatilia. Nikipeleka shuka gestini nachelewa makusudi kwenye korido. Nilimwona akizungumza na mwanangu ngazini, akimwuliza anaishi na nani. Mwanangu akajibu na mama. Yule akaandika kitu. Mama gani atalala baada ya kusikia hivyo?

Muuza mkaa nilipomweleza alinitazama, akapangusa mikono kwenye kanga iliyokuwa nyeusi zaidi ya mikono. Akasema, "Shoga, kama wanaiba wasichana, wangu watamrudisha wenyewe. Anakula yule, hawatamudu." Tukacheka, lakini nilimwona siku hiyo alifunga banda mapema akaenda kumsubiri bintiye darajani.

Kisha gesti wakaniletea suruali ya Bwana Suti. Dobi yeyote anapekua mifuko kabla ya kuloweka, kalamu moja inatosha kuharibu beseni zima. Mfuko wa nyuma ulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Nisingeifungua kama isingekuwa na jina la mwanangu linaloonekana kwa nje.

Ilikuwa orodha ya wasichana watano, imepigwa chapa. Mbele ya kila jina pameandikwa mahali anapoishi. Mbele ya la mwanangu pameandikwa: amehamia ng'ambo, anaishi na mama yake mkubwa, mtaa wa nyuma ya soko la nguo. Na pembeni alama ya kuuliza, ya wino mwekundu.

Mimi kwetu ni mtoto wa kwanza na wa mwisho. Sina dada. Mwanangu hana mama mkubwa duniani.

Nilikaa juu ya beseni nimelipindua. Nikaona akilini nyumba nyuma ya soko la nguo, mwanamke mzima anaitwa mama mkubwa, ana funguo, wasichana watano ndani. Alama nyekundu nikadhani ni ya wale ambao tayari wana mnunuzi. Ilikuwa imebaki wiki moja na siku moja chuo kifunguliwe. Suruali sikuifua. Niliiweka ndani ya furushi, nikaenda nayo mkutanoni.

Mkutano wa wazazi ulikuwa siku ya pili yake, mchana, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamegusa kidevu. Mbele kulikuwa na meza moja, Bwana Suti katikati, na shemeji yangu pembeni anaandika yanayosemwa. Walizungumza habari za mabasi na vyoo vya wageni. Ilipofika maswali nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, yakanitoka machache.

Nikasema, "Bwana, mimi sina dada ng'ambo. Huyo mama mkubwa anayeishi na mwanangu ni nani?" Nikainua ile karatasi, na kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na suruali, nayo ikainuka. Watu wakacheka.

Bwana Suti aliitazama suruali yake. Kisha akanitazama mdomoni, kama kawaida yake. Akasema, "Mama, hata mimi swali langu ni hilo hilo. Nimeliuliza Kamati mara tatu kwa maandishi. Sijajibiwa."

Akaeleza polepole, na alivyoeleza ndivyo nilivyokuja kuelewa. Ng'ambo walipungukiwa wasichana watano. Wakaletewa watano kutoka upande wetu kwa fomu za kuhamisha ukazi, zikisema wamehamia kwa ndugu zao. Yeye alipowaona jioni wanarudi kulala kwetu, akatia shaka. Ndiyo maana akaweka alama za kuuliza, ndiyo maana alikuwa anawauliza wanaishi na nani. Akafungua faili, akatoa fomu, akanionyesha kwa mbali kisha kwa karibu. Akauliza sahihi hii ni ya nani.

Herufi tatu na mstari chini.

"Ni yangu," nikasema.

"Nani alikuletea?"

Niliisikia kalamu ya shemeji ikisimama. Hakuinua kichwa. Nilikiona kipara chake tu, na jasho juu yake. Nikafikiria baiskeli na vibao vya maduka. Nikasema nimesahau. Nikakaa chini.

Muuza mkaa aliyekaa nyuma yangu hakusema kitu, naye fomu aliletewa na huyo huyo. Alininyooshea mkono begani, akaniachia alama nyeusi ya vidole vinne kwenye blauzi.

Asubuhi yake shemeji alikuja. Safari hii chai aliinywa. Akaeleza kwamba nafasi ishirini za mji wetu zilijaa siku ya kwanza, wakubwa walileta watoto wao na yeye hawezi kuwakatalia wanaomwajiri. Alikuwa ameshaniahidi kazi, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Ng'ambo kulikuwa na nafasi. Akawahamisha wanne waliokuwa wameshaandikwa kwetu ili nafasi zao wapewe wa wakubwa, na wangu wa tano akamwongezea humo humo. Akadhani kabla ya chuo atakuwa ameirudisha kadi kimyakimya. Hakuweza, maana Bwana Suti alishaanza kuuliza.

Nikamuuliza kama alijua kwamba kadi ya bluu inamnyima mtoto chuo. Aliitazama barua iliyo ukutani. Akasema amebakiza miaka mitatu astaafu.

"Shemeji, ukienda ofisi ya ukazi sema ni mtu usiyemjua," akasema. "Usinimalize. Mimi ni baba wa yule mtoto."

Nilichukua kikombe chake nikakiosha kabla hajaondoka, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mgeni yeyote.

Ofisi ya ukazi iko ghorofa ya pili ya jengo la halmashauri. Nilikwenda na binti yangu siku tatu kabla ya kuripoti chuo. Bwana Suti alikuwa ametupa barua ya kusema kwamba msichana huyu hajawahi kuishi ng'ambo hata siku moja. Aliiandika mbele yangu, akanipa niisome, akangoja. Safari hii alikaa kwenye kiti. Niliisoma mara mbili tu, na nikamwomba radhi kwa suti. Akasema suruali angalau irudi.

Karani wa ukazi alikuwa mama wa makamo mwenye kikohozi. Alitusikiliza, akaisoma barua, akatoa fomu mbili, moja nyeupe na nyingine ya njano. Akasema hivi: kama kosa lilifanywa na mtumishi, unaandika cheo chake na alichofanya, mkuu wa ofisi anagonga muhuri na kadi inarudi leo. Kama humjui aliyekosea, inakuwa ni ombi jipya la kuhamia, na hilo huchukua siku tisini. Akakohoa. Akashusha sauti, akasema anamfahamu yule bwana, ni mtu mwema, na mambo ya ukoo huwa yanamalizika nyumbani. Akaisogeza mbele yangu ile nyeupe, ya siku tisini.

Unaona mchezo ulivyo? Hata yeye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ananihurumia.

Mwanangu alinishika kiwiko. Akaninong'oneza, "Mama, ni baba mdogo. Chuo kitakuwepo mwakani."

Nikamwambia chuo kitakuwepo, nafasi haitakuwepo. Nikaivuta ile ya njano. Nikaanza kuisoma kutoka juu kabisa, pale kwenye nembo, na nikaanza kusogeza kidole mstari kwa mstari. Nyuma yetu kulikuwa na foleni hadi kwenye ngazi. Mmoja akauliza kama huyu mama anasoma au anakariri. Mwingine akasema tuletewe viti. Mwanangu alikuwa ameinamisha uso kwa aibu. Nikaendelea. Neno moja sikulielewa, nikamuuliza karani, akanieleza, nikarudi nyuma nikaanza sentensi upya.

Palipoandikwa cheo cha mtumishi, nikaandika: karani wa Kamati ya Miji Miwili. Palipoandikwa uhusiano wake na familia, nikaandika: baba mdogo wa mtoto.

Kadi ya kijani tuliipata saa tisa.

Shemeji alisimamishwa kazi siku iliyofuata. Muuza mkaa na wale wengine watatu nao walikwenda ofisini, wakaandika fomu za njano. Wale watoto wa wakubwa hawakuguswa, kadi zao ni za kijani tangu mwanzo na hakuna karatasi yenye majina ya baba zao. Mabasi yanaendelea kuja. Watalii wanapiga picha daraja. Ushirikiano wenyewe sina ugomvi nao, nakuambia ukweli, shuka bado ni sitini. Lakini kila nikiona watu wawili wamekaa meza moja wanacheka, siku hizi natazama nani anaandika.

Asubuhi ya kuripoti nilitoa sanduku la mwanangu nje mapema. Nilikuwa nimeomba mkokoteni, ukachelewa. Aliyetokea ni shemeji, amekokota baiskeli yake, hajanyoa. Hakunisalimu. Alimwambia mtoto kwamba alishamwahidi zamani kuwa siku ya chuo atampeleka yeye. Akainua sanduku, akaliweka kwenye keria ya nyuma, akalifunga kwa mpira, akavuta mpira mara mbili kuona kama umekaza.

Mwanangu alinitazama, anangoja niseme.

Nilikwenda pale, nikafungua mpira, nikafungua sanduku. Nikatoa bahasha, nikatazama barua, nikatazama kadi. Kijani. Nikasoma jina, nikasoma mji, nikageuza nyuma nikasoma na tarehe. Ilinichukua muda. Shemeji alikuwa ameishika baiskeli kwa mikono yote miwili isiyumbe, mpaka nikamaliza.